Tarmogoyf Anakufa au Hafi? Kufumbua Maswali Magumu ya Kanuni katika Magic: The Gathering

Mezani kuna Tarmogoyf. Huyu ni kiumbe ambaye nguvu yake ni idadi ya aina za kadi zilizomo makaburini mwa wachezaji wote (mahali pa kadi zilizokwisha kutumika au kuangamizwa), na uimara wake ni idadi hiyo kuongeza 1. Kwa sasa makaburini mna ardhi na kiumbe tu, yaani aina 2, kwa hiyo Tarmogoyf ni 2/3. Mpinzani analipa mana moja nyekundu, yaani nguvu ya kulipia kadi, na kumrushia Lightning Bolt, kadi ya papo hapo inayotoa majeraha 3. Majeraha 3, uimara 3. Mpinzani ameshanyoosha mkono amwondoe mezani. Je, Tarmogoyf anakufa?

Hafi. Wachezaji wengi wa Magic: The Gathering watakujibu hivyohivyo, lakini ukiwauliza kwa nini, wengine watababaika. Ugomvi mwingi wa mezani unaanzia hapo: mtu ana jibu, ila hana njia iliyomfikisha kwenye jibu. Hali ikibadilika kidogo tu, alichokariri kinamwangusha. Badala ya ardhi na kiumbe, tuseme makaburini mna ardhi na kadi moja ya papo hapo. Tarmogoyf bado ni 2/3, Lightning Bolt ni ileile, ila safari hii anakufa.

Ninachotaka kuonyesha ni hiyo njia. Mchezo huu una jibu kwa karibu kila jambo linaloweza kutokea mezani, na jibu hilo halimjali mwenye sauti kubwa, wala aliyecheza siku nyingi, wala mchoro uliopo kwenye kadi. Linapatikana kwa kuuliza maswali machache kwa mpangilio wake. Ukiuvuruga mpangilio utakwama, hata kama kila neno la kadi umelielewa.

Kwa ambaye hajawahi kuzishika kadi hizi: Magic ilibuniwa na Richard Garfield, mwanahisabati wa Marekani, na kampuni ya Wizards of the Coast ikaitoa mwaka 1993. Kwa kawaida wanacheza watu wawili, kila mmoja akiwa na uhai 20 na deki aliyoipanga mwenyewe, yenye kadi zisizopungua 60. Ardhi zinakupa mana, kwa mana unalipia viumbe, sihiri (enchantment, kadi zinazobaki mezani) na kadi nyinginezo, na kazi yako ni kuumaliza uhai wa mwenzako. Mpaka leo zimetoka kadi tofauti zaidi ya 25,000, na karibu yoyote inaweza kukutana na nyingine yoyote. Hakuna mtu anayeweza kukaa akaandika jibu la kila jozi. Ndiyo maana kuna kitabu cha kanuni kamili, chenye sura 9 na kurasa zaidi ya 200, ambacho hurekebishwa kila toleo jipya la kadi linapotoka. Hakuna anayetarajiwa kukisoma kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ni kitabu cha kutafutia jibu, na anayejua atafute wapi ameshamaliza nusu ya kazi.

Kwanza, kadi inasema nini?

Swali hili linaonekana la kitoto, lakini ndilo linaloangusha wengi. Watu hukumbuka kadi "inafanya nini kwa ujumla," kisha wanabishana juu ya kumbukumbu zao. Iokote. Isome kwa sauti, mwenzako asikie.

Tena, maandishi yaliyochapwa kwenye karatasi siyo yenye neno la mwisho. Kila kadi ina maandishi rasmi ya sasa, yanayoitwa Oracle, na yamewekwa kwenye hifadhi ya mtandaoni ya Wizards inayoitwa Gatherer. Kadi za miaka ya 1990 ziliandikwa kila moja kwa namna yake, kabla lugha ya mchezo haijatulia. Lightning Bolt kwa mfano: hata ukiwa na nakala ya 1993 mkononi, unaicheza kwa maandishi ya leo, yanayosema majeraha 3 kwa "shabaha yoyote," maneno yaliyoanza kutumika mwaka 2018. Mashindanoni una haki ya kumwomba mwamuzi akuonyeshe maandishi hayo.

Ukishayapata, yachukulie neno kwa neno. Tuchukue suala la kulenga. Wako viumbe ambao mpinzani haruhusiwi kuwalenga, na mwenye kiumbe wa namna hiyo hujiona yuko salama. Kisha mpinzani anacheza Wrath of God, inayoangamiza viumbe wote, na ubishi unazuka: "Mbona huyu halengwi?" Hajalengwa. Kadi ile haikutaja shabaha hata mara moja; imesema wote. Diabolic Edict nayo inalenga, lakini inamlenga mchezaji, na mchezaji huyo ndiye anayechagua kiumbe wake wa kutoa kafara. Akiwa na mmoja tu, basi ni huyohuyo. Kuguswa na kadi ni jambo moja, kulengwa nayo ni jingine, na kanuni hazikisii: bila neno la shabaha kwenye maandishi rasmi, ama kwenye maelezo ya uwezo wenyewe, hakuna kulenga.

Maneno ndiyo yanayokuambia pia uwezo uliopo mbele yako ni wa aina gani. Ukiona nukta pacha, kushoto gharama na kulia matokeo, huo ni uwezo wa kulipia: mwenyewe anaamua lini autumie. Ukianza na "when," "whenever" au "at," huo ni uwezo wa kufyatuka, unaotokea wenyewe jambo fulani likitukia. Ukikuta "instead," hilo ni badilisho, na mabadilisho yana tabia zake ambazo nitazifikia. Sentensi inayotangaza hali tu, kama "viumbe wako wote wanaongezewa 1/1," inafanya kazi muda wote kadi iwapo mezani, bila kuanzishwa na yeyote. Ukikosea hapa, kila utakachofanya baadaye kitakuwa na kosa.

Kuna kanuni mbili za juu za kubeba kichwani. Ya kwanza: kadi ikipingana na kanuni za kawaida, kadi inashinda. Ya pili: katazo linashinda ruhusa. Platinum Angel anasema huwezi kushindwa na wapinzani wako hawawezi kushinda. Uhai wako ukifika sifuri, ukapita chini ya sifuri, na kadi nyingine ikitangaza kwamba mpinzani ameshinda, bado mnaendelea kucheza mpaka malaika huyo aondolewe. Hapa hatupimi kadi ipi ina nguvu zaidi au ipi imetoka karibuni. Katazo limetosha.

Rundo

Sasa tunaingia kwenye wakati. Unapocheza kadi, haifanyi kazi papo hapo. Inawekwa kwenye rundo, na kila mchezaji anapata nafasi ya kujibu kwa kuweka yake juu. Wote wawili wakipita mfululizo bila kuongeza kitu, kilicho juu kabisa kinatekelezwa, kisha nafasi ya kutenda inamrudia mwenye zamu, na mnaendelea hivyo mpaka rundo liishe. Ni kama kreti za soda zilizopangwa dukani: iliyopandishwa mwisho ndiyo inayoshushwa kwanza.

Tuliangalie kwa karibu. Una Grizzly Bears, dubu wa 2/2. Mpinzani anamrushia Lightning Bolt. Kabla haijatekelezwa, unajibu kwa Giant Growth, inayompa kiumbe +3/+3 mpaka mwisho wa zamu. Giant Growth iko juu, kwa hiyo inatekelezwa kwanza, dubu anakuwa 5/5. Kisha Lightning Bolt inampa majeraha 3. Anapona.

Sasa geuza. Ni wewe uliyeanza na Giant Growth, labda ukiwa na pupa ya kuongeza nguvu ya mashambulizi. Mpinzani anajibu kwa Lightning Bolt. Yake ndiyo iliyo juu. Dubu angali 2/2, anapata majeraha 3, anakufa. Giant Growth inapofikiwa, shabaha yake haipo tena, nayo inakwenda makaburini bila kufanya kitu. Kadi ni zilezile, wachezaji ni walewale. Kilichobadilika ni nani aliyejibu. Kwa hiyo mtu akikuuliza "Giant Growth inazuia Lightning Bolt?" hajakupa swali lenye jibu. Muulize: ipi ilichezwa kwanza?

Kuna kosa moja la rundo ninaloliona sana hata kwa wachezaji wazuri. Prodigal Sorcerer ni mchawi wa 1/1: ukimlaza, yaani ukigeuza kadi yake upande kuonyesha ametumika, anatoa jeraha 1 kwa shabaha yoyote. Mchezaji anamlaza, analenga, na mpinzani anajibu kwa kumuua mchawi, kisha anasema, "Nimeshamuua, kwa hiyo jeraha halipo." Lipo. Uwezo ukishawekwa kwenye rundo unasimama wenyewe. Haumtegemei tena aliyeutoa. Kumuua mchawi kunazuia asitumike kesho, ila cha leo kimeshatoka mkononi mwake. Kuna kadi za kufuta uwezo uliopo kwenye rundo, na hizo zitafaa. Kumuua mwenye uwezo hakufuti uwezo.

Si kila kitu hupita kwenye rundo. Kuweka ardhi mezani hakupiti, kulaza ardhi upate mana hakupiti, kwa hiyo hakuna anayeweza kuvijibu. Ukaguzi wa meza nao haupiti, na huo ndio unaomwokoa Tarmogoyf.

Ukaguzi

Mchezo una zoezi la kujikagua. Kila mara kabla ya mchezaji yeyote kupewa nafasi ya kutenda, kanuni zinatazama meza nzima: kuna mchezaji mwenye uhai sifuri au pungufu? Kuna kiumbe mwenye uimara sifuri? Kuna kiumbe aliyepata majeraha yanayofikia uimara wake? Yote yanayopatikana yanatekelezwa kwa mpigo mmoja, kisha ukaguzi unarudiwa mpaka usikute kitu. Hayo yako kwenye kanuni ya 704, na mimi nawashauri wanaoanza waisome hiyo kabla ya nyingine zote, kwa sababu ni fupi kuliko umuhimu wake.

Neno la kushika ni hilo "kabla ya mchezaji kupewa nafasi ya kutenda." Ukaguzi haufanyiki katikati ya utekelezaji wa kadi. Sasa mfuate Tarmogoyf hatua kwa hatua. Lightning Bolt inaanza kutekelezwa ikiwa bado kwenye rundo. Inatoa majeraha 3. Tarmogoyf ni 2/3 na sasa ana majeraha 3 juu yake. Hajakaguliwa bado. Hatua ya mwisho ya utekelezaji ni Lightning Bolt yenyewe kuwekwa makaburini. Ikishafika huko, makaburini mna ardhi, kiumbe na kadi ya papo hapo: aina 3. Tarmogoyf amekuwa 3/4. Ndipo ukaguzi unapopita na kumkuta na majeraha 3 dhidi ya uimara 4. Anaachwa.

Kama makaburini mlikuwa tayari na kadi ya papo hapo, kuongezeka kwa nyingine hakuongezi aina. Anabaki 2/3, na ukaguzi unamwondoa. Ni hesabu ya sekunde moja, ila huwezi kuifanya bila kujua ukaguzi unapita saa ngapi.

Ukaguzi ukiisha, ndipo uwezo wa kufyatuka uliokuwa ukisubiri unapowekwa kwenye rundo. Wachezaji wote wawili wakiwa nao kwa wakati mmoja, mwenye zamu anaweka wake kwanza, kwa mpangilio anaoupenda, kisha mpinzani anaweka wake juu. Matokeo yake ni kwamba wa mpinzani unatekelezwa kwanza. Wengi huudhika wanapolisikia hili mara ya kwanza, kwa kuwa wanadhani kuwa na zamu ni kuwa na upendeleo. Kutangulia kuweka ni kuchelewa kutekelezwa, basi.

Mabadilisho, na nani mwenye kuchagua

Badilisho halijibu tukio. Linaligeuza kabla halijatokea. Rest in Peace inasema kadi yoyote iliyokuwa iende makaburini inakwenda uhamishoni, yaani nje ya mchezo, badala yake. Basi kiumbe mwenye uwezo wa "huyu akifa, vuta kadi" hakuvutii kitu, kwa sababu kwa mujibu wa kanuni hakufa: kufa ni kutoka mezani kwenda makaburini, na yeye makaburini hakufika. Tukio lile halikuwahi kuwepo. Na Tarmogoyf wetu, makaburi yakiwa matupu, anakuwa 0/1 tu.

Utata unakuja mabadilisho mawili yanapogombea tukio moja. Mezani kuna Furnace of Rath, inayoongeza majeraha yote maradufu. Unashambuliwa na kiumbe mwenye nguvu 5, hujamzuia, na mapema zamu hiyohiyo umejikinga kwa Healing Salve, inayozuia majeraha 3 yajayo. Ukianza na kinga, 5 kutoa 3 ni 2, maradufu ni 4. Ukianza na maradufu, 5 inakuwa 10, toa 3, unabaki na 7. Tofauti hiyo inaweza kuwa mchezo mzima. Mpangilio anauchagua nani? Si mwenye Furnace of Rath, si mshambuliaji, wala hatuangalii ipi ilichezwa kwanza. Anachagua anayepigwa, au mwenye kitu kinachopigwa. Kwa hiyo unachukua 4, na mpinzani hana la kusema. Mimi hupenda kanuni hii ya 616 kwa sababu imekata mzizi wa ubishi: hakuna kupima nani ana hoja nzuri, kuna mtu mmoja aliyepewa haki ya kuchagua.

Matabaka

Sasa tumefika penye kazi. Mambo yote yaliyotangulia yanahusu matukio. Matabaka yanahusu swali la namna nyingine: hivi sasa, kitu hiki mezani ni nini? Kina aina gani, uwezo gani, nguvu kiasi gani, ikiwa kadi tano tofauti zinakisemea?

Kanuni ya 613 inajibu kwa kupanga athari zote katika matabaka 7. La kwanza ni kunakili. La pili ni nani anayekidhibiti kitu mchezoni. La tatu ni kubadilisha maneno ya kadi. La nne ni aina. La tano ni rangi. La sita ni kuongeza na kuondoa uwezo. La saba ni nguvu na uimara, nalo limegawanywa tena: kwanza kadi zinazojihesabia zenyewe kama Tarmogoyf, halafu athari zinazopanga nguvu na uimara upya, halafu zinazoongeza au kupunguza pamoja na vihesabio (alama zinazowekwa juu ya kadi), mwisho zinazogeuza nguvu ikawa uimara na uimara ukawa nguvu. Kila unapotaka kujua kitu ni nini, unaanza na kadi kama ilivyochapwa na kushuka tabaka kwa tabaka. Haijalishi ipi ilitangulia kuchezwa, ila pale mbili zinapokutana ndani ya tabaka moja; hapo ya zamani hutangulia na ya karibuni humalizia.

Mfano mwepesi. Dubu wako wa 2/2 ana kihesabio cha +1/+1, kwa hiyo ni 3/3. Mpinzani anacheza Humility, sihiri ya mwaka 1997 isemayo viumbe wote wanapoteza uwezo wao wote na wana nguvu na uimara wa msingi 1/1. Watu husema dubu amekuwa 1/1, maana Humility imekuja mwisho. La. Kupanga upya kunatangulia kuongeza: anapangwa 1/1, kisha kihesabio kinamfanya 2/2. Kihesabio hicho kingewekwa kesho au juzi, jibu ni lilelile.

Mfano mzito ni ule uliowatoa jasho waamuzi kwa miaka mingi. Pamoja na Humility, mezani kuna Opalescence ya mwaka 1999, isemayo kila sihiri nyingine isiyobandikwa kwenye kitu ni kiumbe pia, na nguvu na uimara wake wa msingi ni sawa na gharama yake ya mana. Humility ni sihiri, gharama yake ni 4. Kwa hiyo Opalescence inaifanya Humility kuwa kiumbe. Lakini Humility inawanyang'anya viumbe wote uwezo, na yenyewe sasa ni kiumbe. Inajinyang'anya uwezo wa kunyang'anya? Na ikijinyang'anya, nani ananyang'anya?

Shuka matabaka. Tabaka la 4: Opalescence inaigeuza Humility kuwa kiumbe. Tabaka la 6: Humility inawaondolea viumbe wote uwezo, nayo ikiwemo. Hapo kichwa kinaanza kuuma, lakini kanuni imeshaliona jambo hili: athari iliyoanza kufanya kazi katika tabaka moja inaendelea katika matabaka yanayofuata, hata kama uwezo uliouzaa umeondolewa katikati ya hesabu. Kwa hiyo tunafika tabaka la 7 na Humility bado inadai viumbe wote ni 1/1, huku Opalescence ikidai Humility ni 4/4. Zote mbili zinapanga upya, ziko ngazi moja, basi tunaangalia ipi ilikuja mwisho. Kama ni Opalescence, Humility ni 4/4 isiyo na uwezo. Kama ni Humility, nayo ni 1/1. Opalescence yenyewe si kiumbe hata kidogo, kwa kuwa imesema "nyingine." Na mzunguko tuliouogopa haupo, kwa sababu hesabu inashuka tu, hairudi juu.

Liko jambo moja linaloweza kuupindua mpangilio wa nani alitangulia, nalo ni utegemezi. Blood Moon inasema ardhi zote zisizo za msingi ni Mountain, ambayo kama Swamp ni mojawapo ya aina za ardhi za msingi. Urborg, Tomb of Yawgmoth ni ardhi isiyo ya msingi isemayo kila ardhi ni Swamp pamoja na aina zake nyingine. Zote mbili zinafanya kazi tabaka la 4. Ungedhani iliyokuja mwisho ndiyo itakayomalizia. Lakini ardhi ikifanywa Mountain kwa namna hii inapoteza uwezo ulioandikwa juu yake, kwa hiyo Blood Moon ikipita kwanza, athari ya Urborg inakosa pa kutokea. Uwepo wa moja unategemea nyingine, na kanuni zinasema inayotegemea isubiri. Blood Moon inapita kwanza daima, hata kama imechezwa zamu kumi baadaye. Urborg inabaki Mountain ya kawaida, na hakuna ardhi inayopata kuwa Swamp kwa sababu yake.

Majibu yaliyochacha

Ukitafuta mtandaoni utapata majibu ya kujiamini ambayo yalikuwa sahihi siku yalipoandikwa. Rundo lenyewe lililetwa na mabadiliko makubwa ya kanuni ya mwaka 1999. Mpaka mwaka 2009 majeraha ya mapigano nayo yaliwekwa kwenye rundo, na wachezaji walilitumia hilo kwa ustadi. Mogg Fanatic ni 1/1 ambaye ukimtoa kafara anatoa jeraha 1. Zamani ungemzuilia dubu wa 2/2, ukaacha majeraha yaingie rundoni, kisha ukamtoa kafara: jeraha 1 la mapigano na 1 la kafara, dubu amekwenda. Leo majeraha ya mapigano yanatoka mara moja, hayajibiwi. Unachagua kumwacha apigane au kumtoa kafara. Vyote viwili hupati. Anayekumbuka enzi zile atakuapia kwamba inawezekana, na hasemi uongo. Anazungumzia kanuni nyingine.

Kosa la jirani ni kuhamisha kanuni za mchezo mmoja kwenda mwingine. Kwenye Yu-Gi-Oh! ya kampuni ya Konami kuna kukosa wakati: uwezo wa hiari unaoanza na "when" unapotea ikiwa tukio lake halikuwa la mwisho kutokea. Kiumbe akitolewa kafara ili mkubwa aitwe, jambo la mwisho ni kuitwa kwa yule mkubwa, na uwezo wa aliyekwenda makaburini unaweza kupotea hivyo. Magic haina kitu hicho. Uwezo ukifyatuka umefyatuka, utasubiri mpaka ukaguzi uishe kisha utawekwa rundoni.

Je, kanuni hizi zinaweza kweli kujibu kila kitu? Mwaka 2019 Alex Churchill, Stella Biderman na Austin Herrick walionyesha kwamba kadi za Magic zinaweza kupangwa zikafanya kazi ya mashine ya Turing, yaani kompyuta kamili, bila mchezaji kuwa na uamuzi wowote wa kufanya. Maana yake ni kwamba hakuna utaratibu wa jumla unaoweza kutazama meza yoyote na kusema kama mchezo huo utaisha na nani atashinda. Kwangu hilo ni jambo la ajabu na la kupendeza, na halivunji niliyoyasema. Hatua inayofuata ina jibu kila mara. Ni mwisho wa safari usioweza kutabiriwa.

Kumwita mwamuzi

Mashindanoni, mkikwama, nyosha mkono na uite mwamuzi. Si kumshtaki mtu. Asiyeita kwa kuogopa kuonekana mkorofi huishia kukubali jibu la mpinzani wake, ambaye naye ana hamu ya kushinda. Usiporidhika, una haki ya kukata rufaa kwa mwamuzi mkuu, na alichosema yeye ndicho cha mwisho. Mwamuzi atakueleza kanuni na maandishi ya kadi, ila hatakushauri ucheze nini. "Nikimlaza huyu, nitashinda?" hatalijibu. "Uwezo huu unaweza kumlenga yule?" atalijibu.

Namna ya kuuliza ndiyo inayoamua utajibiwa haraka au la. "Je, huyu anakufa?" halitoshi. Mwambie ni zamu ya nani, mko awamu gani, nini kiko kwenye rundo na kwa mpangilio upi, makaburini mna nini, na kati ya kadi zinazogombana ipi ilitangulia kuingia mezani. Usimfupishie kadi kwa maneno yako, mpe aisome.

Nyumbani ambako hakuna mwamuzi, kubalianeni jibu la muda ili mchezo usilale, andikeni hali ya meza ilivyokuwa, kisha mkalitafute baadaye kwenye maelezo ya kadi yaliyopo Gatherer, kabla ya kwenda kwingineko. Na popote mtakapolipata, angalieni limeandikwa mwaka gani.